Pasipofuka Moshi

Ulikuwa unaandika kwa chaki, Aune,
kwenye mlango wa banda, kamwe si daftarini:
*Mwaloni, umepasuliwa Mei, usiguswe miaka miwili.*
*Mbetula, maji kumi na saba kwa mia, tayari.*
Nilicheka. Kuni ni kuni, nilisema,
kama asemaye kuwa nyimbo zote ni kelele.

Sasa ni Januari. Kutoka Calumet hadi ziwani
hakuna ua hata mmoja unaoonekana,
nami nimepiga magoti mbele ya jiko lako
kama mwanafunzi aliyechelewa kuandikishwa.

Kwanza moto wa kawaida, wa kujionyesha,
ndimi zinalamba kioo, kizibo cha juu ki wazi,
moshi unashika njia ya mkato hadi bombani.
Hapo ndipo mimi, siku zote, nilipoondoka
nikidhani kazi imekwisha.
Wewe ulikaa. Ulitazama sindano.
"Usilifungie bado. Sega halijaamka."

Nyuzi mia tatu. Mia nne. Chai yangu inapoa.
Mia tano na ushei:
nashusha mkono wa chuma, tak,
na moshi hauna tena pa kutorokea
ila kupenya vitundu vya sega lile la udongo
lisilojua nyuki wala asali,
na humo moshi wenyewe unashika moto.

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa sikulijua hili:
tulichokitupa angani ndicho kilichokuwa chakula.

Kisha hewa. Napunguza robo. Nangoja.
Robo tena.
Ndimi zinasinzia, kioo kinaingia giza,
magogo yamelala kama ng'ombe zizini
na juu yao, ukiinama sana, wekundu
unaopumua bila sauti.
Saa kumi na nane. Ishirini, kwa mwaloni wa zamani.

Wiki ya pili baridi ilishuka ishirini chini ya sufuri.
Alfajiri mlango ukagongwa kwa koleo:
Lorna Tregembo, theluji kiunoni, nyusi zimeganda.
"Urho! Bomba lako halifuki! Tangu jana halifuki!
Nilidhani umemfuata."
Akaingia, miwani ikafunga ukungu,
akavua koti, akavua sweta,
kisha akalia kidogo, kwa hasira
ya mtu aliyeogopa bure.
Pafukapo moshi pana moto, ndivyo tulivyoambiwa.
Waliosema hawakulijua jiko lako.

Nilitaka kumwonyesha. Nikagusa kitasa,
na mkono wako, naapa, ukanishika kifundo:
*Kizibo kwanza, Urho. Fungua, ngoja,
kisha mlango, ufa tu,
la sivyo moshi wote uliofungiwa utakurukia usoni.*
Nikamwonyesha Lorna doa jeusi ukutani.
Hilo langu, nikasema. La mwaka ule wa kiburi.

Majivu yako nje, ndoo ya bati, kifuniko juu, mbali na banda.
King'ora cha hewa ya sumu kina betri mpya.
Sijachoma ubao wa rangi wala karatasi za zawadi,
ingawa Krismasi hii zilikuja nyingi,
watu walikuwa hawajui wanipe nini.
Machi nitalipangusa sega kwa ile brashi laini
uliyokataza isiguse rangi.

Saa tatu usiku. Tak.
Apitaye barabarani ataona paa, nyota, bomba kimya,
ataona nyumba iliyozimika.
Nimechukua chaki, Aune. Vidole vimeganda
na mwandiko wangu unaufuata wako kwa kuchechemea:
*Mbetula, nusu umekwisha.*
*Mwaloni wa Mei, bado mwaka. Nitangoja.*